Ibn al-Haytham na Shaka ya Kielimu

Shaka ya kielimu ni hali ya mtafutaji ambaye, pasipo kuwa mkanushaji wala mpenda ubishi, huizuia hukumu yake mpaka hoja ithibiti, na huwataka hata wakubwa waliomtangulia walete burhani ya yale waliyoyaandika. Kinyume chake ni taklidi, yaani kuipokea kauli kwa heshima ya msemaji tu. Miongoni mwa walioifanya shaka hiyo kuwa kazi, wala si tabia ya moyo peke yake, hutajwa mbele Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, mwanahisabati aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Kairo mnamo mwaka 1040.

Habari za maisha yake ni chache, na baadhi yake zanukia hadithi. Yasimuliwa kwamba al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu 996 hata 1021, alimwita baada ya kusikia kuwa amejigamba ya kwamba angeweza kuyatawala maji ya mto Nile. Naye akapanda mto hadi maporomoko yaliyo karibu na Aswan, na kwa kuyatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa ustadi, akatambua kuwa lau jambo lile lingaliwezekana, watu wale wasingaliliacha. Kwa kuiogopa ghadhabu ya khalifa akajifanya mwenda wazimu mpaka khalifa alipotoweka. Msimulizi wake, Ibn al-Qifti, aliandika yapata miaka 200 baadaye, na katika makala ya namna hii haingekuwa adabu kuyameza maneno yake yote bila kutafuna. Lililo jepesi zaidi kusadikika ni kwamba mwanachuoni huyu aliishi siku zake za mwisho kando ya msikiti wa al-Azhar, akipata riziki kwa kunakili na kuuza vitabu vya Euclid na Ptolemy. Na hapo ndipo ilipo nguvu ya shaka yake, maana aliyewahoji wakubwa hao hakuwa mtu aliyesikia habari zao kwa mbali, bali aliyeyapitisha maneno yao yote chini ya kalamu yake.

Suala lililomshughulisha kuliko yote, ambalo ndilo msingi wa Kitab al-Manazir, kitabu chake chenye juzuu 7, lilikuwa hili: mtu huonaje? Euclid na Ptolemy, na kwa Waarabu al-Kindi, walishika kwamba jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu. Wafuasi wa Aristotle walisema sura ya kitu ndiyo ijayo jichoni. Na matabibu, wakimfuata Galen, waliingiza kati roho laini itokayo katika ubongo. Ibn al-Haytham hakujitia katika kundi lolote, bali alianza na mambo yasiyokanushwa na yeyote: kwamba alikaziaye jua macho huumia, na kwamba atokaye kutazama mwanga mkali akaingia gizani, alama ya mwanga ule humbakia machoni kwa kitambo. Basi nuru hulitenda jicho jambo. Kisha akauliza, hicho kisemwacho kuwa hutoka jichoni, ni mwili au si mwili? Ikiwa ni mwili, hapana budi kila tufumbuapo macho kutazama nyota utoke katika mboni ukaijaze anga yote iliyo kati yetu nazo, na jicho lisipungue kitu, jambo ambalo akili hailikubali. Na ikiwa si mwili, hakina hisi. Tena hata tukisalimu kwamba kitu hutoka, lazima habari irudi jichoni ndipo tuone. Na kama habari yaja, kule kutoka kuna kazi gani? Hata hivyo hakuitupa hesabu ya Wayunani pamoja na itikadi yao: mistari yao ya handasa aliibakisha, akisema ni ya kuwaziwa tu.

Wala hakutosheka na hoja. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu lililofungukia chumba chenye giza, na ukutani zikaonekana nuru kwa idadi ya taa. Akiikinga taa moja, nuru yake peke yake ilitoweka, na akiondoa kikingio, ikarejea. Kwa njia hiyo alibainisha kuwa nuru hupita katika tundu moja zisichanganyike, kila moja katika mstari wake ulionyooka.

Lakini sehemu ambayo msomaji wa leo angestahili kukawilia zaidi ni juzuu ya pili na ya tatu, kwa kuwa humo swali lahama kutoka vitabu vya watu na kuingia katika macho ya muulizaji mwenyewe. Mtu hudhani kwamba umbali na ukubwa wa kitu ameuona kwa jicho, kumbe amepima, amelinganisha na amehukumu, kwa wepesi na mazoea ya tangu utotoni, hata asijue kuwa ametumia kiasi, yaani hoja ya akili. Mfano wake ni wa chuoni: ajuaye kusoma akiliona neno abjad limeandikwa, hulitambua papo hapo asizipitie herufi moja moja. Makosa ya kuona aliyaeleza kwa njia iyo hiyo, na juzuu ya tatu yote aliitenga kwa ajili yake.

Katika al-Shukuk ala Batlamyus, kitabu cha shaka juu ya Ptolemy, aliligeuza jicho hilo kwenye elimu ya falaki. Dibaji yake yafundisha kwamba wanachuoni hawakukingwa na kosa, na lau wangalikingwa wasingalihitilafiana. Kwa hiyo mwenye kutafuta haki na ajifanye hasimu wa kila asomacho, akishuku pia fahamu yake mwenyewe asije akaegemea ukali au upole. Dai lake kubwa lilikuwa kwamba Ptolemy, baada ya kuweka kanuni kuwa sayari huzunguka kwa mwendo ulio sawa, aliusawazisha mwendo huo juu ya nukta isiyo kitovu cha duara lake, na hivyo kuivunja kanuni yake. Mpango sahihi, alisema, upo, na Ptolemy hakuufikia. Ila katika kitabu hicho yeye naye hakuutoa. Kazi hiyo ilishikwa na Nasir al-Din al-Tusi katika jengo la rasadi la Maragha, lililoanzishwa mwaka 1259, na baadaye na Ibn al-Shatir wa Dameski. Mahali pengine, Ibn al-Haytham, akimjibu mwanachuoni mmoja aliyechukizwa na ukosoaji wake wa Ptolemy, alimlaumu kwa kuyaamini maneno ya Ptolemy kama yaaminiwavyo ya mitume, ilhali katika hisabati hutakiwa burhani tu.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo yeye mwenyewe hakulitia mizanini. Kwa kuwa twaviona vitu vimesimama wima, aliona ni lazima sura yake jichoni iwe wima. Basi akaiweka hisi ya kuona katika ute mgumu wa mbele, uitwao leo lenzi, kabla miale haijapata kupishana na kuigeuza sura. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa mjini Basel. Mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwamba sura huangukia retina, nyuma ya jicho, ikiwa kichwa chini miguu juu, na suala la jinsi nafsi iionavyo wima akawaachia wanafalsafa.