Wapagazi wa Marangu
Sisi wa Marangu tumekua tukiona misafara ya wageni ikikatiza migombani kuelekea Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Vitabu humtaja kwanza Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Mimi huanza na wapagazi. Babu yangu alibeba mahema yaliyolowa mvua, ngata ya majani makavu ya mgomba kichwani, miguu mitupu mpaka kwenye baridi kali. Vibanda vya njiani viliitwa Bismarck na Peters. Leo ni Mandara na Horombo, majina ya wamangi, watawala wa Kichaga, na ndivyo inavyostahili. Hifadhi ya mlima huu ilianzishwa 1973. Sasa mzigo wa mpagazi hupimwa langoni, usizidi kilo 20. Mizani hiyo ilichelewa mno: babu na wenzake walizeeka na shingo zinazouma.