Kuchunga Mzee na Kutunza Mzee

Hapa kwetu Ariwara, ukiuliza mtu habari ya baba yake aliyezeeka, mara nyingi atajibu: "Tuko tunamuchunga nyumbani." Jibu ni zuri, lakini tuliangalie vizuri. Kuchunga ni neno la mbuzi na ng'ombe: kulinda kitu kisipotee. Kutunza ni neno pana zaidi.

Kutunza kuna sura mbili. Ya kwanza ni kumwangalia mtu: chakula, dawa, nguo, mahali pa kulala. Ya pili inajulikana zaidi pwani: kwenye ngoma, anayecheza vizuri anatunzwa, yaani anapewa zawadi mbele ya watu. Neno tuzo ni la ukoo huo. Basi ndani ya kutunza mna heshima ya wazi.

Walugbara wa zamani waliziunganisha sura hizo mbili. John Middleton, aliyekaa kwao upande wa Uganda kati ya 1949 na 1952, alieleza katika kitabu chake cha 1960 kwamba mzee wa ukoo ndiye aliyetoa sadaka kwa mababu, na aliweza kuwaita mababu juu ya mtu asiyeheshimu wakubwa. Ugonjwa ukiingia nyumbani, watu walitafuta pia nani amevunja heshima. Mzee hakuwa mzigo. Alikuwa kiungo kati ya walio hai na waliokufa.

Siku hizi dini, shule na soko vimebadili mambo. Sheria ipo: Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kusaidia wazazi wao, kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtoto akae chini amsikilize mzee. Sisi tunaotafuta maisha sokoni na ng'ambo ya mpaka, tunatuma franga, tunatuma shilingi, tunasema kazi imekwisha. Mzee anakula, ndiyo. Lakini mahari inapangwa, shamba linagawanywa, na yeye anasikia nyuma.

Hapo tumemchunga, hatujamtunza. Tukipeleka unga, tukae naye pia. Tumuulize mipaka ya shamba na majina ya mababu, watoto wakiwa wanasikia. Wao ndio watakaotutunza kesho, na watafanya vile walivyotuona tukifanya.