Bunilizi za kale za kisayansi: Karatasi iliyodharauliwa yageuka hazina

MWAKA 1887, mwandishi Mwingereza Henry Rider Haggard alitoa riwaya iliyowachukua wahusika wake kutoka Lamu, wakaufuata mto Tana, wakaupita Mlima Kenya na kutokomea katika nchi ya kubuni iliyoitwa Zu-Vendis, yenye ziwa, mji wa marumaru na malkia wawili ndugu. Riwaya hiyo ni Allan Quatermain.

Mwaka uliofuata, Machi 1888, Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, walifika kwenye ziwa halisi la kaskazini, ambalo Waturkana na majirani zao walilijua tangu jadi. Wageni hao walilipa jina la Rudolf, mwanamfalme wa Austria. Jina hilo lilidumu hadi mwaka 1975 lilipobadilishwa kuwa Ziwa Turkana.

Taarifa ya safari hiyo, iliyoandikwa na von Höhnel, ilitoka kwa Kijerumani mjini Vienna mwaka 1892 na kwa Kiingereza mjini London mwaka 1894, katika juzuu mbili. Mchapishaji wa tafsiri hiyo, Longmans, ndiye aliyekuwa ameichapisha riwaya ya Haggard.

Leo vitabu hivyo viwili, kimoja cha ndoto na kingine cha safari, hutafutwa na wakusanyaji wa matoleo ya kwanza katika nchi nyingi. Kwa msomaji wa Lodwar au Kakuma, vinaibua swali zito: ni nani huhifadhi karatasi zinazoisimulia nchi yake, na ni zipi zinazoachwa zipotee?

Chimbuko lenye harufu ya pwani

Bunilizi ya kisayansi ni hadithi ya kubuni inayojengwa juu ya jambo ambalo sayansi au ufundi umelifanya liwezekane, au huenda ukaliwezesha siku moja: safari za angani, mashine zenye akili, walimwengu wa sayari nyingine. Wahakiki wengi huzihesabu pia hadithi za nchi zilizofichika, kama ile ya Haggard, kuwa miongoni mwa wazazi wa utanzu huo.

Afrika Mashariki ilikuwamo tangu mwanzo. Jules Verne wa Ufaransa alijipatia jina mwaka 1863 kwa riwaya ya Cinq semaines en ballon, inayosimulia safari ya wiki tano kwa puto kuvuka Afrika. Puto hilo linaanza safari yake Zanzibar.

Naye Haggard hakuiokota Lamu hewani tu. Ndugu yake, Jack, aliwahi kuhudumu huko katika ubalozi mdogo wa Uingereza.

Hata hivyo, waandishi hao walijaza kwa ndoto mahali ambapo ramani zao zilikuwa tupu, ilhali nchi yenyewe haikuwa tupu. Waturkana walikuwa na masimulizi yao, likiwemo lile la Nayece, mama mwasisi aliyemfuata fahali aliyepotea hadi nchi ya mto Tarach, mto wa msimu ambao hupita Kakuma. Masimulizi hayo hayakuwa na toleo la kwanza, kwa kuwa yalihifadhiwa vinywani.

Majarida ya karatasi duni

Aprili 1926, Hugo Gernsback alitoa jijini New York toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililojitolea kwa bunilizi za kisayansi pekee. Liliuzwa kwa senti 25 za Marekani na lilichapisha upya hadithi za Verne, H. G. Wells na Edgar Allan Poe. Kabla yake, Machi 1923, lilikuwa limeanza Weird Tales, la hadithi za ajabu na za kutisha. Januari 1930 likafuata Astounding Stories.

Majarida ya aina hiyo yalichapishwa kwa karatasi ya rojo la mbao, iliyo rahisi kuliko zote. Rojo hilo lina dutu iitwayo lignini pamoja na asidi, ambazo zikikutana na mwanga, hewa na joto huigeuza karatasi kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na mwishowe ikavunjika kama jani kavu.

Hakuna aliyekusudia yadumu. Msomaji alinunua, akasoma, akatupa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, karatasi kuukuu zilikusanywa Marekani ili zitumike upya katika shughuli za vita, na majarida mengi yakaangamia kwa njia hiyo. Uchache wa nakala zilizosalia ndio ulioyapa thamani majarida yaliyodharauliwa.

Jinsi ya kutambua toleo la kwanza

Mkusanyaji sharti atofautishe toleo na chapa. Toleo la kwanza ni kitabu kama kilivyopangwa na kutolewa mara ya kwanza, ilhali chapa ni kila mara mitambo inapowashwa ili kutoa nakala zaidi za toleo lilo hilo. Kinachotafutwa hasa ni chapa ya kwanza ya toleo la kwanza.

Mahali pa kuanzia ni ukurasa wa hakimiliki. Baadhi ya wachapishaji huandika wazi kwamba hilo ni toleo la kwanza. Wengine, hasa tangu nusu ya pili ya karne ya 20, huweka safu ya tarakimu. Ikiwa 1 ingali imo, aghalabu hiyo ni chapa ya kwanza.

Makosa ya uchapaji nayo ni ushahidi. Riwaya ya Wells, The Time Machine, ilitoka mwaka 1895 London na New York. Katika nakala za mwanzo za New York, jina la mwandishi lilichapwa kimakosa kuwa H. S. Wells, na kosa hilo la herufi moja sasa ni alama ya utambulisho.

Mchapishaji asiyetarajiwa huweza pia kuongeza mvuto. Dune, riwaya ya Frank Herbert, ilikataliwa na wachapishaji wengi kabla ya kutolewa mwaka 1965 na Chilton wa Philadelphia, kampuni iliyofahamika kwa vitabu vya kurekebishia magari. Riwaya hiyo ni ya sayari ya jangwa ambako kila tone la maji huhesabiwa. Msomaji wa Lodwar, mji unaopata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mwaka 1953, takriban nakala 200 za Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury kuhusu nchi inayochoma vitabu, zilijalidiwa kwa asbesto, kitu kisichoshika moto. Hata hivyo, vumbi la asbesto ni hatari kwa mapafu, hivyo nakala hizo hazifai kushikwashikwa ovyo.

Anayeanza ajihadhari na mambo matatu. La kwanza ni matoleo ya vilabu vya vitabu, ambayo hufanana na toleo la kwanza ila yametengenezwa kwa gharama ndogo na aghalabu hayana bei kwenye karatasi ya kufunikia jalada. La pili ni karatasi hiyo kunakiliwa upya na kuvishwa kitabu cha kale. Kwa vitabu vya karne ya 20, sehemu kubwa ya bei hukaa kwenye karatasi hiyo. La tatu ni kurasa zilizokosekana. Ni busara kuzihesabu zote kabla ya kulipa.

Hazina iliyo karibu

Si lazima mkusanyaji wa Turkana aanzie New York. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Haggard ya mwaka 1885. Allan Quatermain nayo ilitafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1930.

Mwaka 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyomtambulisha Bwana Msa. Nayo African Film, jarida la hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman, lilisomwa sana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lilipita mkono hadi mkono mpaka likachanika, na ndiyo sababu nakala nzima imekuwa adimu.

Mwaka 1980, David Maillu alitoa The Equatorial Assignment, riwaya ya jasusi Benni Kamba, aitwaye 009, anayepambana na adui mwenye silaha za kisasa.

Katika Kiswahili, Walenisi ya Katama Mkangi ilitoka mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anaponea hukumu ya kifo kwa kusafiri angani hadi sayari ya Walenisi, jina ambalo maana yake ni “wale ni sisi”. Mwaka 2002 ikafuata Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila.

Vitabu hivi vilichapishwa kwa majalada laini, na huenda nakala za chapa za mwanzo zikapatikana kwa wauza vitabu vikuukuu kwa bei ya chakula cha mchana. Fursa ya namna hiyo haidumu. Hata Amazing Stories iliwahi kuuzwa kama taka.

Joto la Lodwar, vumbi la Kakuma

Hali ya hewa ya Turkana ina faida na hasara. Ukavu huizuia kuvu, adui mkubwa wa vitabu vya Mombasa na Lamu. Lakini joto, ambalo mchana Lodwar hufikia nyuzi 35 na zaidi, huharakisha kazi ya asidi, nao ukavu huifanya karatasi iwe rahisi kuvunjika.

Chini ya mabati, sanduku la vitabu huwa kama tanuri. Kwa hiyo linafaa kukaa mahali penye kivuli zaidi nyumbani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na liinuliwe juu ya matofali ili kuepuka mchwa na mafuriko ya ghafla ya mito ya msimu.

Jarida lililochakaa lisifungwe kwa selotepu, kwani gundi yake huacha doa lisilotoka. Pini na vibanio vya chuma navyo hushika kutu. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi ndiyo bora. Ikikosekana, karatasi nyeupe safi inayobadilishwa mara kwa mara ni afadhali kuliko gazeti. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini, kamwe si kwa kitambaa chenye maji.

Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ndiko Kamoya Kimeu alikogundua mwaka 1984 mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ardhi iliyotunza mifupa hiyo haiwezi kutunza gazeti kwa miaka 50 pasipo mkono wa mtu.

Kakuma na matoleo ya kesho

Kambi ya Kakuma, iliyo takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ilianzishwa mwaka 1992. Vijana waliokimbia vita vya Sudan walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa kwanza. Maisha ya mmoja wao, Valentino Achak Deng, ndiyo msingi wa riwaya ya Dave Eggers, What Is the What. Toleo lake la kwanza la mwaka 2006 tayari ni kitabu cha kukusanywa.

Desemba 2008, wakimbizi wa Kakuma walianza kutoa gazeti lao wenyewe, Kakuma News Reflector, maarufu kama KANERE. Hiyo si bunilizi. Lakini karatasi ya gazeti dogo la kambini iko pale ilipokuwa Amazing Stories mwaka 1926: nyepesi, rahisi, na inayoweza kutupwa baada ya kusomwa.

Tofauti ni kwamba watu wa kambini huhama. Anayepelekwa kuishi Marekani, Kanada au Australia, au anayerejea kwao, hubeba mizigo michache, na karatasi ndizo huachwa mwanzo.

Maandishi ya mtandaoni nayo hayana uhakika. Januari 2015, kundi la waandishi la Jalada lilitoa kwenye intaneti mkusanyiko wa hadithi za Afrika ya siku zijazo. Toleo la namna hiyo halina karatasi ya kutunza, na tovuti ikifungwa, hutoweka nayo. Mkusanyaji wa leo hana budi kuhifadhi faili, na kuiweka mahali zaidi ya pamoja.

Kusoma hakuhitaji fedha nyingi. Majarida mengi ya kale ya Marekani yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na husomwa bure kwenye maktaba ya Internet Archive, hata kwa simu. Kukusanya nako huanza na bahasha moja, iliyoandikwa kwa penseli jina la jarida, tarehe, mahali lilipopatikana na mtu aliyelitoa.

Bila maelezo hayo, hata karatasi iliyosalimika huwa bubu. Yakiwepo, mwanafunzi wa Lodwar wa miaka 50 ijayo ataweza kuisoma nchi yake kwa maneno ya walioishi humo, na kuyalinganisha na yale ya Haggard.