Mitambo ya upepo: viwango vya baharini na vya nchi kavu

Burundi haina bahari, na Afrika Mashariki bado haijasimika mtambo wa upepo baharini. Hata hivyo, mnunuzi wa Bugendana, mkoani Gitega, akiomba bei ya mtambo atakuta nyaraka zinataja viwango vingi. Akivichanganya atalipia chuma asichokihitaji, au ataletewa mtambo usiofaa mahali pake.

Viwango vikuu

- IEC 61400-1: mitambo mikubwa. Madaraja I, II na III hufuata upepo mkali unaotarajiwa mara moja katika miaka 50: mita 50, 42.5 na 37.5 kwa sekunde. Mtambo husanifiwa udumu miaka 20 au zaidi.
- IEC 61400-2: mitambo midogo, ambayo mapanga yake hayafagii eneo linalozidi mita za mraba 200.
- IEC 61400-3: mitambo ya baharini, kilitolewa mwaka 2009. Mwaka 2019 kiligawanywa: 3-1 kwa misingi iliyokita chini ya bahari na 3-2 kwa inayoelea.
- DNV ya Norway: J101 ya mwaka 2004, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ST-0126 mwaka 2016.
- API RP 2A ya Marekani: majukwaa ya mafuta.

Tofauti iko wapi?

API huangalia dhoruba ya miaka 100, IEC ya miaka 50. Hii haina maana kwamba IEC ni dhaifu. Jukwaa huweza kuwa na watu na mafuta; mtambo wa upepo kwa kawaida hauna mtu wakati wa dhoruba. Tena, jukwaa huelemewa zaidi na mawimbi, lakini mtambo hutikiswa na upepo na mawimbi kwa pamoja, na chuma huchoka miaka yote. Kwa hiyo idadi ya miaka pekee haitoshi kulinganisha viwango. Vizidisho vya usalama navyo vitazamwe.

Nchi kavu

Mradi wa Ziwa Turkana nchini Kenya, uliozinduliwa mwaka 2019, una mitambo 365 ya kilowati 850, jumla megawati 310. Kabla ya mitambo kufika, kilomita 208 za barabara zilibidi kuboreshwa.

Gitega kuna jambo jingine: mwinuko. Jedwali la muuzaji hutumia hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi, na kwa upepo uleule nguvu hupungua kwa zaidi ya asilimia 10.

Kabla ya kulipa

1. Dai cheti kinachotaja kiwango, toleo na daraja.
2. Pima upepo wa mahali penyewe kwa mwaka mzima.
3. Dai hesabu ya umeme kwa mwinuko wako.
4. Uliza ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, kabla mzigo haujapakiwa. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006.

Cheti cha baharini hakiondoi haja ya vipimo hivi.