Italia: Ukikosa chakula cha mchana, utasubiri hadi usiku

Ukiingia mgahawani Italia saa kumi jioni na njaa yako, mara nyingi utaambiwa jiko limefungwa. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu hivi. Cha usiku huanza saa moja na nusu, na kusini huchelewa zaidi. Hapo katikati kimbilia baa, ambayo kwao ni mahali pa kahawa na mikate, si pombe tu.

Pasta huja kwanza, nyama baadaye, kila sahani na bei yake. Kwenye bili usishtuke kuona "coperto", mara nyingi euro 1 hadi 3 kwa kila mtu. Hayo ni malipo ya kukaa mezani, hujaibiwa. Na bili yenyewe hailetwi mpaka uiombe.