Msimulizi wa Filamu na Mwenye Hakimiliki

Yafaa tuanze mbali kidogo. Mwezi Desemba 2015, kampuni za CBS na Paramount za Marekani zilifungua kesi dhidi ya mashabiki waliokuwa wakitengeneza filamu yao wenyewe kutokana na Star Trek. Juni 2016 zikatoa masharti kwa mashabiki wote: sehemu moja isizidi dakika 15, na michango isizidi dola 50,000. Hivyo shabiki aliruhusiwa kubuni, ila kwa kipimo.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda vingine. Katika vibanda vya video vya Kampala, na katika vibanda umiza vya Dar es Salaam, wasimulizi walizifasiri filamu za Hollywood, India na Hong Kong mbele ya watazamaji, kwa Kiganda au kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, hakuishia katika kufasiri. Alitia mizaha, akafafanua nia za wahusika, kisha akarekodi sauti yake katika kanda za VHS. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo, aliipa makala yake jina linalotaja wali kugeuzwa pilau. Mfano huo wafaa sana: mchele ni wa mwingine, lakini viungo ni vya mpishi.

Wenye mchele, kwa jumla, walinyamaza. Bila shaka soko hilo lilikuwa dogo mno machoni pao. Waliolalamika ni wasanii wa nyumbani. Aprili 2017 waigizaji wa Tanzania waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila stempu za kodi, na hoja yao haikuwa ya wivu mtupu.

Hata hivyo, kunyamaza si kuidhinisha. Huku kwetu Nyankunde, kama kwingineko nchini Kongo, ipo sheria ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986, na nchi imo katika Mkataba wa Berne tangu 1963. Mkataba huo humlinda mfasiri kama mtunzi, lakini haki ya mtunzi wa asili haipunguzwi: ruhusa yake hutangulia. Msimulizi asiye na ruhusa amebuni kazi asiyoweza kuitetea waziwazi.

Jambo hili latuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Maktaba ya chuo ikikusanya kanda hizo, itakuwa imeweka rafuni nakala zisizo halali za filamu, na papo hapo ushahidi adimu wa usimulizi wa Kiswahili wa mjini. Nazo kanda za VHS huharibika upesi.