Kifafa: Usiache dawa hata kama huanguki tena

UKITOKA Mlabani, mjini Ifakara, na kuvuka Mto Kilombero kuelekea kusini, unafika katika milima ya Mahenge, wilayani Ulanga, eneo linalofahamika kitabibu kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya ugonjwa huo. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, waliotengwa kwa kuwa watu waliamini povu na mate yao huambukiza.

Imani hiyo si sahihi. Kifafa ni hitilafu ya ghafla katika mawasiliano ya umeme ndani ya ubongo. Hutokana, pamoja na mengine, na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali, majeraha ya kichwa na mabuu ya tegu wa nguruwe. Huko Mahenge, watafiti wanakihusisha pia na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito yendayo kasi. Kwa sababu hiyo, kumeza dawa ya ivermectini inapogawiwa vijijini ni jambo la lazima.

Matibabu

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatibiwa ipasavyo. Fenobabitali, dawa ya bei nafuu, ingali ikitumika. Humezwa kila siku, na yaweza kuleta usingizi na uchovu. Hayo aelezwe daktari, si sababu ya kuiacha.

Kuacha dawa ghafla huweza kuleta kifafa cha mfululizo kinachoua. Familia zinazohamia mashamba ya mpunga wakati wa msimu zichukue dawa za kutosha kabla ya kuondoka.

Mgonjwa anapoanguka

Msogeze mbali na moto au maji, mlaze kwa ubavu na legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala usimkandamize. Akizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Zaidi ya yote, usiogope kumshika. Makovu mengi ya moto yangeepukika endapo aliyekuwa karibu angenyoosha mkono.